Chanjo ya kideri haijaua kuku wako

"Dokta, ile chanjo ni feki. Nimechanja Alhamisi, Jumatatu wamelala kumi na wawili."

Kila msimu wa sikukuu ujumbe huu hunifikia, unabadilika siku na idadi tu. Safari hii umenikuta sina subira, kwa hiyo tuhesabu.

Jumamosi mtu anakwenda soko la kuku Shekilango, Dar es Salaam, ananunua majogoo wawili. Kuku hao wametoka Singida au Dodoma, wamesafiri ndani ya matenga, wamelala sokoni ubavu kwa ubavu na kuku wa mikoa mingine. Anawafungulia uani kwake Mbagala, wakajichanganya na mitetea. Kirusi cha kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia mdondo, hukaa ndani ya kuku siku 2 hadi 15 kabla dalili hazijatokea, mara nyingi siku 5 au 6. Jumatano jogoo mmoja anazubaa, manyoya yamesimama, anaharisha kijani. Alhamisi mwenye kuku anakimbilia duka la dawa za mifugo, anarudi na kichupa, anachanja wote waliomo bandani. Kinga ya chanjo ya tone la jicho huanza kuwa ya maana baada ya kama wiki moja, hukomaa kwenye wiki mbili. Mitetea waliokufa Jumatatu walikuwa na kirusi tangu Jumamosi ileile au siku moja mbili baadaye. Chanjo ilihitaji kufikia Alhamisi ya pili ndipo ianze kazi. Haikuua mtu, ilichelewa.

Chanjo si dawa. Kideri hakina dawa tangu kilipotambuliwa kule Newcastle, Uingereza, mwaka 1926, na hakina mpaka leo. Ile OTC, antibiotiki mnayomwaga kwenye maji, ni ya bakteria. Inaweza kuwasaidia walionusurika wasipate nyongeza ya mafua, basi. Shubiri na pilipili nazipita bila kusimama.

Kuna mahali nakubali mchanjaji anaweza kuwa muuaji, lakini si kwa sababu mnayoisema. Anayechanja banda lenye wagonjwa, kisha akahamia kwa jirani na viatu vilevile, mikono ileile na kinyesi kwenye pindo la suruali, anakisafirisha kirusi chenyewe. Ndiyo maana mlipuko ukishaanza mtaani, banda lenye mgonjwa haliguswi. Wanaochanjwa ni wale wazima wa mbali, na anayewachanja asiwe ametoka kwenye msiba.

Sasa tuje kwenye neno linaloniudhi kuliko yote: "hii haiharibiki kwa joto."

TEMEVAC, chanjo ya kideri inayotengenezwa na TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari, inatumia kirusi kiitwacho I-2. Mbegu yake iliandaliwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ikilengwa kwa kuku wa vijijini kusiko na friji. Kirusi hicho kinavumilia joto. Kuvumilia! Hakuna aliyesema hakidhuriki. Ndani ya kichupa mna virusi hai, na kila siku nje ya baridi baadhi yao wanakufa. Tofauti ya I-2 na La Sota, chanjo nyingine ya kideri, ni kasi ya kufa. Uvumilivu huo umewekwa kwa ajili ya safari: kutoka dukani hadi shambani, kichupa kikiwa kimefungwa kitambaa kibichi, kivulini, ndani ya kikapu. Haukuwekwa kwa ajili ya dashibodi ya bajaji saa saba mchana mwezi wa Februari. Jua lenyewe, achilia mbali joto, linaua.

Halafu hasara hujumlika. Umeme ulikatika dukani siku mbili, muuzaji akaweka kichupa juu ya kaunta nusu siku, wewe ukazunguka nacho Kariakoo ukinunua mengine, ukafika nyumbani ukakitia kwenye friji ukaamini kimepona. Friji haifufui. Kirusi kilichokufa mchana hakiamki usiku kwa kuwa kimepata baridi. Na kichupa cha virusi wafu kwa macho ni sawa kabisa na kizima. Rangi haibadiliki, harufu haibadiliki, na kuku hatakuambia mpaka ugonjwa uje. Kwa hiyo dukani angalia friji kabla ya kuangalia bei. Iwe nyuzi 2 hadi 8, na muuzaji akuoneshe kipimajoto. Ukimuuliza akacheka, nenda duka jingine.

Kibaya zaidi, sifa ya I-2 imehamishiwa kwa chanjo zote. Mtu anabeba La Sota mfukoni kwa kuwa "za kideri zinavumilia." La Sota haivumilii. Ibebe na barafu, na ukishaichanganya iishe ndani ya saa mbili.

Uchanjaji wenyewe ni kazi ndogo. Tone moja, jicho moja, kifaranga na jogoo dozi ni ileile. Kichupa kisimame wima kichwa chini. Ukikilaza matone hubadilika ukubwa, wa mwanzo wanapata kingi, wa mwisho wanaambulia hewa. Ncha isiguse jicho. Mshikilie kuku mpaka apepese, maana ukimwachia mapema atakung'uta kichwa na dozi inaishia kwenye shati lako. Rudia kila miezi 3 hadi 4. Ukipanga Machi, Julai na Novemba, ile ya Novemba inatangulia majogoo wa Krismasi. Na hao wageni wakae peke yao wiki tatu kwanza, na vyombo vyao.

Wenye broila wengi huchanjia kwenye maji, na hapo Dar ina mtego wake: maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua vijidudu, pamoja na vile ulivyovinunua. Tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, subiri dakika 20, ndipo uweke chanjo. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, vyombo viwe vya plastiki visivyooshwa kwa dawa, na viwe vingi kiasi cha wanyonge nao kufikia. Hata ukifanya yote hayo, tone la jicho bado linashinda.

Vitabu husema kuku aliyechanjwa I-2 huwaambukiza wenzake kirusi cha chanjo, hivyo waliokosa nao hunufaika. Bandani, ndiyo. Kwa kuku wa kienyeji wanaolala juu ya mwembe na kushinda jalalani, siutegemei kabisa. Hiyo miezi minne nayo ni ya kuku mwenye afya; mwenye minyoo na njaa simwekei dhamana. Tena chanjo humkinga kuku asife, lakini haimzuii kuambukizwa, kwa hiyo aliyechanjwa vizuri anaweza kuonekana mzima huku anatoa kirusi. Virusi vinavyozunguka mitaani pia si wa ukoo mmoja na hivi vya kwenye chanjo. Kinga inavuka ukoo, lakini sioni kwa nini tujifanye suala hilo limefungwa. Na kipimo cha kingamwili kwenye damu hakitenganishi kinga ya chanjo na ya ugonjwa. Usiniletee damu ya kuku asiye na historia ukitaka nikuambie chanjo ilishika.

Ukidai chanjo ni mbovu, leta ushahidi unaopimika. Leta maabara kuku mgonjwa aliye hai, au wawili watatu waliokufa asubuhi hiyohiyo. Waweke kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, barafu ikae nje ya mifuko. Usiwagandishe, na usiwapasue nyumbani. Tukimfungua tunatazama, pamoja na mengine, madoa ya damu kwenye tumbo dogo lililo kabla ya firigisi. Yakiwepo tunashuku kideri, yasipokuwepo hatukifuti. Mafua makali ya ndege yanaweza kufanana nacho, kwa hiyo jibu la mwisho ni la kipimo cha kirusi. Lete na kichupa chenye lebo hata kama ni kitupu, tarehe uliyochanja, na tarehe kuku wa mwisho alipoingia uani. Hiyo ya mwisho ndiyo nitakayoisoma kwanza.