Kabla ya Kulaumu Udongo, Pasua Mbegu

Akina mama wa kikundi kimoja cha Vihiga, magharibi mwa Kenya, walituletea mfuko wa mbegu za mwiritsa, mti wa kiasili wa misituni. Nusu walishaisia kitaluni, wakamwagilia miezi miwili, na hakuna hata kichwa kimoja kilichochomoza. Aliyewauzia aliwaambia wavumilie, eti miti ya kiasili ina kiburi. Wao walishaanza kuulaumu udongo wao.

Nilitwaa mkasi wa kupogolea, nikapasua kokwa ishirini mezani mbele yao. Kokwa hai ya mwiritsa ni nyeupe ndani, imejaa hadi ukutani, na ukiibonyeza kwa ukucha haibonyei. Kumi na saba kati ya zile zilikuwa za kahawia, zimesinyaa kama maharagwe yaliyosahaulika jikoni. Mama mmoja alichukua moja, akainusa, akairudisha mezani bila neno.

Mwiritsa, ambao Wakalenjin huuita tenduet na wataalamu huuandika Prunus africana, una mbegu isiyopenda kukauka. Ikidondoka msituni hulala kwenye majani yenye unyevunyevu na kuota bila kukawia. Ukiianika juani wiki mbili kama mahindi, kisha ukaitundika darini, umeiua kwa nia njema. Muthiga, ule mti wa dawa ambao wataalamu huuandika Warburgia ugandensis, ni vivyo hivyo. Tunda likiiva liokote, ondoa nyama yake siku hiyo hiyo, anika kivulini maji yakauke juu tu, kisha usie ndani ya siku chache. Mtu akikuletea mwiritsa wa msimu uliopita, hata kwa bei ya bure, mwachie.

Migunga ni habari nyingine kabisa. Hiyo hukaushwa na kuhifadhiwa miaka, lakini ganda lake gumu hulainishwa kwa maji ya moto kabla ya kusia, na kila punje yenye kitundu cha fukusi hutupwa. Kujua kama mbegu za aina hii zimekauka vya kutosha, tumia mbinu ya wakulima wa mahindi: tia chumvi kavu na mbegu kwenye chupa ya kioo, tikisa, subiri dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mbegu nje.

Jaribio la kuelea majini watu hulipenda kwa kuwa ni rahisi. Mimi siliamini peke yake. Mbegu za mtarakwa, kwa mfano, nyingi huwa tupu ndani tangu mtini, na maji yatasaidia kuzipunguza, lakini kuna mbegu nzima zinazoelea na mbovu zinazozama. Pasua chache kati ya zilizozama na chache kati ya zilizoelea ndipo uamue.

Maabara ya mbegu kwa kawaida huotesha punje 400, katika mafungu manne ya mia mia. Kitaluni punje 100 zinatosha. Gawa mafungu manne ya 25 kwenye mchanga wa mto uliooshwa, ukiyatunza sawasawa. Fungu moja likiota 20 na jingine 6, hukuchanganya mbegu vizuri kabla ya kuzichota, au kuna fungu lililokosa maji. Rudia. Zikiota 60 kwa jumla, anayetaka miche 1,000 asisie mbegu 1,000. Asie kama 1,700, na hapo bado hatujahesabu konokono.

Sasa niseme jambo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mkasi hauwezi kulionyesha. Mbegu inaweza kuota 95 kwa 100 na bado ikawa mbegu mbaya kwa kurudisha msitu. Mtu huona mwiritsa mmoja mnene uwanjani kwa kanisa, umejaa matunda chini, anajaza debe moja kwa asubuhi moja. Mti ulio peke yake hukosa wa kubadilishana naye chavua, na mbegu zake mara nyingi huzaa miche dhaifu. Hata ikistawi, ni ndugu watupu: ugonjwa ukiingia, unaipata yote. Kwa kazi ya msitu tunakusanya kutoka miti mama 30 hivi, iliyoachana mita 100 ili isiwe ya tumbo moja, kila mmoja ukitoa kiasi kinacholingana. Ni kazi ya siku kadhaa na ya kuomba kibali, hasa ukiingia msitu wa Kakamega, na ndiyo maana mbegu hiyo haiwezi kuwa rahisi.

Pia uliza ilikotoka. Kakamega iko kati ya mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari; sehemu kubwa ya msitu wa Mau hupita 2,000. Mbegu ya Mau ikipandwa karibu na ziwa hapa Kisumu itaota, halafu itahangaika.

Kwa hiyo muuzaji akikupa mfuko, tafuta karatasi ndani yake: aina ya mti, mahali, tarehe ya kukusanya, idadi ya miti mama. Akina mama wa Vihiga hawakupewa chochote. Nusu iliyobaki tuliimwaga kwenye shimo la mboji, nao wakarudi nyumbani na mkasi mmoja wa kuazima.