Picha ya wiki ya 5 si hukumu

Mama mmoja kutoka Arua aliniwekea mezani MRI ya ubongo wa mwanawe mwenye saratani, iliyopigwa wiki 5 baada ya kumaliza tiba ya mionzi. "Daktari, nimeambiwa uvimbe umekua. Basi dawa imeshindwa?"

"Mama, bado. Niambie kwanza, kijana anakunywa deksa ngapi?"

Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa karatasi za famasia moja moja. Dozi ya deksa, yaani deksamethasoni, dawa ya kutuliza maji yanayojaa kwenye ubongo, ilikuwa imeshushwa kutoka miligramu 8 hadi 2, siku chache tu kabla ya picha.

Hapa Kampala nasoma picha za namna hii mara kwa mara, na kinachoniuma ni familia kukatishwa tamaa mapema. Weupe unaoonekana baada ya kuchomwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, si seli za saratani zenyewe. Ni mahali ambapo kuta za mishipa midogo ya damu zimelegea, dawa ikavuja. Uvimbe unaokua huzilegeza. Mionzi nayo huzilegeza, hasa ikienda pamoja na temozolomide, dawa ya saratani, na weupe huo unaweza kutanuka miezi 3 ya mwanzo kisha ukanywea wenyewe. Deksa huziba uvujaji. Ukiipunguza, weupe unaweza kurudi ilhali uvimbe haujasogea.

Ndiyo maana tunapima. Kwa vigezo vya RANO, kanuni za kimataifa za kupima uvimbe wa ubongo, natafuta mahali weupe ulipo mpana zaidi, napima urefu, kisha upana unaoukata kwa pembe mraba, nazidisha. Milimita 40 kwa 30 ni 1,200. Ikifika 1,500, yaani nyongeza ya 25%, nashuku ugonjwa umesonga mbele. Ikishuka hadi 600 na kubaki hivyo walau wiki 4, bila kuongeza deksa na mgonjwa hajazorota, tunasema umeitikia tiba.

Lakini 1,200 ya lini? RANO 2.0, toleo jipya la mwaka 2023, inasema, kwa uvimbe mkali uliogunduliwa karibuni, hesabu ianzie picha ya kwanza baada ya mionzi, si ile ya kabla. Na ongezeko la ndani ya wiki 12 lithibitishwe kwa picha nyingine. Kwa hiyo picha ya mama yule ndiyo kwanza ilikuwa mwanzo wa hesabu.

Najua picha ya pili ni gharama, pengine ng'ombe mzima. Hata hivyo kuacha dawa inayofanya kazi ni hasara kubwa zaidi.

Wenzangu wa wodini, nawaomba: kwenye fomu andikeni tarehe mionzi ilipoisha na dozi ya deksa ya siku ile. Kwa kijana yule, niliziandika mwenyewe kwa kalamu juu ya bahasha ya picha.