Kura ya majaji bado si hukumu

Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu wa Kenya, David Maraga, alisoma uamuzi uliofuta uchaguzi wa rais. Majaji wanne walikuwa upande mmoja na wawili upande wa pili. Wa saba, Mohammed Ibrahim, aliugua kesi ikiendelea. Kilichosomwa kilikuwa kifupi. Sababu kamili, akasema Maraga, zingetolewa ndani ya siku 21. Vijiweni na mitandaoni likazuka swali: kama sababu hazijaandikwa, wameamuaje? Wengine wakaongeza chumvi: sababu ndiyo kwanza zinatafutwa.

Swali halina ubaya. Tatizo ni majibu yanayozagaa kuhusu yanayofanyika kati ya siku mawakili wanapomaliza hoja zao na siku hukumu inaposomwa. Mifano yangu mingi itatoka Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa sababu moja tu: majaji wa kule waliacha maboksi ya barua na rasimu, na baadhi yamefunguliwa.

Dhana: wakishapiga kura, kilichobaki ni kuchapa

Kenya ilitoa amri kwanza na sababu baadaye kwa kuwa Katiba inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu kuamua kesi ya uchaguzi wa rais. Sababu zilisomwa Septemba 20. Rufaa za kawaida hazina haraka hiyo, na hapo kura na maandishi vinaweza kupishana njia kabisa.

Marekani, majaji tisa hukaa peke yao chumbani. Hakuna katibu wala msaidizi. Mlango ukigongwa, jaji mgeni kuliko wote ndiye anayeinuka kufungua, hata kama ni mtu wa miaka 60. Hupeana mikono kwanza, kila mmoja na kila mwenzake, kisha Jaji Mkuu huanza kusema na wengine hufuata kwa ukongwe wa utumishi. Kura zinazopigwa pale ni za muda. Jaji Mkuu akiwa upande wa wengi, yeye ndiye anayechagua nani aandike. Akiwa upande wa wachache, kazi hiyo humwangukia mkongwe wa upande wa wengi.

Baada ya hapo kalamu inaweza kugoma. Mwaka 1992 walikuwa na kesi ya Lee v. Weisman, kuhusu shule moja ya Providence, Rhode Island, iliyomwalika kiongozi wa dini kuomba dua kwenye mahafali. Kura ya awali ilikuwa tano kwa nne kuiruhusu dua, na Anthony Kennedy akapewa kazi ya kuandika. Akaandika. Alipoisoma rasimu yake mwenyewe akaona haisimami, akamwandikia mwenzake Harry Blackmun kumweleza hivyo. Akahamia upande wa pili, na hukumu iliyotoka Juni ile ilikuwa tano kwa nne dhidi ya dua, mwandishi akiwa yeye yule Kennedy. Aliyetoka ukumbini na kukimbilia kutangaza mshindi kwa kuhesabu sura za majaji angeumbuka.

Dhana: ni biashara, nipe kesi hii nikupe ile

Biashara ipo, ila bidhaa ni maneno. Rasimu ikizungushwa, kila jaji hujibu kwa barua fupi. Nyingine ni mstari mmoja tu: tafadhali niunge. Nyingine zina masharti: nitajiunga ukiondoa aya fulani, au ukisema "katika mazingira haya" badala ya "daima". Mwandishi anayehitaji kura tano hawezi kuzitupa barua hizo kapuni.

William Brennan, aliyekaa mahakamani hapo tangu 1956 hadi 1990, alikuwa na mchezo na wasaidizi wake wapya. Aliwauliza ni kanuni gani kubwa kuliko zote humu ndani. Wakishabahatisha hili na lile, alinyanyua mkono na kukunjua vidole vitano. Kwa kura tano, aliwaambia, humu unaweza kufanya lolote.

Lakini yeye mwenyewe alionja ugumu wa kupata cha tano. Mwaka 1973, katika kesi ya Frontiero, ofisa mwanamke wa jeshi la anga alidai mumewe apate marupurupu yale yale wanayopata wake za maofisa wanaume. Majaji wanane kati ya tisa walimpa ushindi. Brennan akataka zaidi: sheria inayobagua kwa jinsia ipimwe kwa ukali ule ule unaotumika kwa ubaguzi wa rangi. Akapata wanne, pamoja na yeye. Lewis Powell alikubali matokeo ila si kipimo, kwa hoja kwamba marekebisho ya katiba kuhusu haki sawa bado yalikuwa mbele ya majimbo na mahakama isiyatangulie. Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ya Oklahoma, ambako bia hafifu waliuziwa wasichana wa miaka 18, wavulana wakisubiri hadi 21. Safari hii Brennan akaandika kipimo cha katikati, kilicholegezwa kidogo, na walio wengi wakakipokea. Kesi ya bia, sikatai, lakini kipimo hicho ndicho kilichobaki.

Dhana: hukumu ya kauli moja ni ushahidi kwamba hawakuvutana

Tarehe 17 Mei 1954 mahakama hiyo ilitangaza, tisa kwa sifuri, kwamba kuwatenga wanafunzi weusi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Kesi hiyo, Brown v. Board of Education, ilikuwa imesikilizwa mara mbili. Mara ya kwanza, Desemba 1952, majaji walikuwa wamegawanyika vibaya. Jaji Mkuu Fred Vinson akafariki Septemba 1953, Earl Warren akachukua kiti.

Warren hakuharakisha kura. Aliacha wenzake wazungumze wiki baada ya wiki, akamwendea Stanley Reed wa Kentucky, wa mwisho kusita, akimweleza maana ya kubaki peke yake katika jambo zito namna ile. Rasimu aliiandika makusudi iwe fupi, isomeke na mtu wa kawaida, isimshutumu yeyote. Robert Jackson alikuwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo. Warren alimpelekea rasimu kitandani. Siku ya kusoma, Jackson alitoka hospitalini akaja kuketi na wenzake, ili watu waone viti vyote tisa vimejaa.

Umoja ule ulilipiwa. Hukumu ya 1954 ilinyamaza kuhusu utekelezaji, na ile ya 1955 ikasema shule zichanganywe kwa "haraka yote yenye kutafakari", maneno ambayo majimbo ya kusini yaliyageuza kuwa mto wa kulalia kwa miaka mingi. Mimi naona Warren hakuwa na njia nyingine. Wapo wanaonipinga, na hoja zao si nyepesi.

Dhana: aliyeandika hukumu ndiye mwenye hukumu, au ni wasaidizi wake

Fungua hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Juu utaona majina ya jopo, kwa kawaida majaji watatu. Chini ya kichwa cha hukumu kuna jina la jaji mmoja, aliyeshika kalamu. Nenda ukurasa wa mwisho: majina matatu. Wenzake wakiiridhia, ni hukumu ya mahakama nzima, hata pale sentensi zinapotoa harufu ya mtu mmoja.

Kinyume chake ni Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya BBI, mpango wa kubadili katiba, Machi 31, 2022, ambapo majaji wote saba waliandika kila mmoja ya kwake. Wakili anayetaka kujua mahakama ilisema nini hasa inambidi apange saba hizo mezani na kuhesabu nani yuko na nani katika kila hoja.

Kuhusu wasaidizi: jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani huwa nao wanne, vijana wa sheria, na katika ofisi nyingi ndio wanaoandika rasimu ya kwanza. John Paul Stevens alijulikana kwa kuiandika mwenyewe. Kura, lakini, haipigwi na msaidizi.

Dhana: hukumu pinzani ni kilio cha aliyeshindwa

Hukumu pinzani, ile anayoiandika jaji asiyekubaliana na walio wengi, huzungushwa kabla hukumu ya wengi haijakamilika, na mwandishi hulazimika kuziba matundu iliyoyaonyesha. Ruth Bader Ginsburg alisimulia jinsi Antonin Scalia alivyompa mapema rasimu yake pinzani katika kesi ya chuo cha kijeshi cha Virginia, 1996. Ilimharibia mapumziko ya wikiendi, alisema, na hukumu yake ikatoka bora zaidi.

Dhana: siri za chumba kile haziwezi kutoka

Zimewahi kuvuja, kama Mei 2022 rasimu ya kesi ya Dobbs kuhusu utoaji mimba ilipochapishwa na gazeti la Politico. Uchunguzi wa mahakama haukumpata aliyeivujisha.

Zimewahi pia kutoka kwa mlango wa mbele. Thurgood Marshall, wakili aliyeisimamia Brown na aliyekwenda London mwaka 1960 kusaidia kuandika sura ya haki za binadamu ya katiba ya Kenya, aliingia Mahakama ya Juu ya Marekani kama jaji mwaka 1967. Aliikabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani makaratasi yake. Alipofariki Januari 1993 yakafunguliwa: rasimu, barua za masharti, hesabu za kura, zikiwemo za kesi zilizoamuliwa na majaji waliokuwa bado vitini. Jaji Mkuu William Rehnquist aliandika barua ya hasira. Mkuu wa maktaba hakuyafunga.