Anayesomea hisabati na usimamizi anasoma nini hasa?

Chukua dirisha moja la huduma lenye mhudumu mmoja. Wateja wanakuja bila mpangilio: mmoja sasa hivi, watatu kwa mkupuo, kisha kimya. Meneja anapima na kuona kwamba mhudumu ana kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, na asilimia 20 amekaa tu. Anaamua kumwongezea kazi mpaka afikie asilimia 95. Kazi imeongezeka kwa chini ya moja ya tano, kwa hiyo anatarajia foleni nayo irefuke kidogo tu.

Haiwi hivyo. Katika kielelezo sahili kabisa cha foleni, wastani wa watu waliopo, yaani anayehudumiwa pamoja na wanaongoja, unapatikana kwa kugawa sehemu ya muda ambayo mhudumu ana kazi kwa sehemu ambayo hana. Asilimia 80 kwa 20 ni watu 4. Asilimia 90 kwa 10 ni watu 9. Asilimia 95 kwa 5 ni watu 19. Kazi imepanda kidogo, na watu waliosongamana wamekaribia kuwa mara tano ya walivyokuwa. Ule muda ambao meneja aliuona umepotea bure ndio uliokuwa ukiizuia foleni isifurike.

Huu ndio mfano ninaoanza nao ninapoulizwa na wazazi, au na vijana wanaojaza fomu za kuomba chuo, kwa nini mtu asomee hisabati na usimamizi wa biashara katika shahada moja ya kwanza. Wengi huja wakidhani kwamba hisabati ya biashara ni kujumlisha mapato, kutoa gharama na kupiga asilimia ya faida. Hayo tarakilishi inayafanya vizuri kuliko sisi. Kinachofundishwa chuoni ni kitu kingine, na ni vema mtu akijue kabla hajaingia, kwa sababu wanaoshtuka katika muhula wa kwanza ni wengi, na wengi wao walikuwa hodari wa hesabu sekondari.

Sekondari mwanafunzi huzoea kupewa swali, kuchagua kanuni na kupata jibu. Akifanya maswali mia ya aina hiyohiyo, mtihani hauwezi kumshinda. Chuo kinamgeuzia kibao. Katika kalkulasi na aljebra ya mwaka wa kwanza anaulizwa kwa nini kanuni ni kweli, inafanya kazi katika hali zipi, na ukiondoa sharti moja ni nini kinachovunjika. Huo ndio uthibitisho, na ndio moyo wa somo. Nimewaona vijana wenye alama za juu wakikaa na ukurasa mtupu kwa saa nzima mbele ya swali la mistari miwili. Si kwamba hawana akili. Hawajawahi kuambiwa kwamba hisabati ni kazi ya kujenga hoja.

Je, meneja wa kesho ana haja gani na uthibitisho? Turudi kwenye foleni. Kuna kanuni inayosema kwamba wastani wa watu waliomo katika mfumo ni sawa na kasi yao ya kuingia ukizidisha kwa wastani wa muda anaokaa kila mmoja. Wakiingia watu 12 kwa saa na kila mmoja akakaa nusu saa, basi kwa wastani ndani kuna watu 6. Watu waliitumia kanuni hii kwa sababu ilielekea kuwa kweli, lakini hakuna aliyekuwa na hakika kama ina mipaka. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wake, na uthibitisho huo ulionyesha jambo kubwa: haijalishi wateja wanakuja kwa mtindo gani, wala huduma inachukua muda mrefu au mfupi kiasi gani, mradi mfumo umetulia. Ile kanuni ya 4, 9 na 19 haina nguvu hiyo. Inadai wateja waje kwa nasibu, muda wa huduma nao uwe wa nasibu wa aina maalumu, na mhudumu awe mmoja. Meneja aliyekariri kanuni zote mbili anaziona sawa. Aliyezithibitisha anajua ni ipi anaweza kuiegemea popote, na ni ipi lazima kwanza aikague.

Ndiyo maana siungi mkono kozi zinazokata uthibitisho wote ili "kurahisisha hisabati kwa watu wa biashara". Zinamwachia mwanafunzi chombo bila kumwambia kinakatia wapi.

Ndoa hii ya masomo mawili si ya jana. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati, alipochapisha kitabu chake kikubwa cha hesabu mjini Venice mwaka 1494, aliweka ndani yake maelezo ya uwekaji hesabu wa pande mbili, ambao wahasibu wanautumia mpaka leo. Mwaka 1909 Agner Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitumia nadharia ya uwezekano kuchunguza jinsi simu zinavyoingia, na nadharia ya foleni ikazaliwa hapo. Leonid Kantorovich alipelekewa swali na kiwanda cha mbao katika Umoja wa Kisovyeti: mashine zigawiwe kazi vipi ili zitoe mazao mengi zaidi? Kazi aliyoichapisha mwaka 1939 iliweka msingi wa kile tunachokiita programu mstari, yaani hisabati ya kugawa rasilimali chache ili kupata matokeo bora, na mwaka 1975 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. George Dantzig, kwa upande wake, alitoa mwaka 1947 njia ya kuyatatua maswali hayo hatua kwa hatua. Mwanafunzi hukutana na njia hiyo kwa kawaida katika mwaka wa pili, na nadhani hapo ndipo wengi huona kwa mara ya kwanza kwamba matriki (namba zilizopangwa kwa safu na nguzo) walizozilalamikia mwaka wa kwanza zilikuwa na kazi.

Sasa upande wa usimamizi. Kuna dhana mbaya, hata miongoni mwa wanahisabati wenzangu, kwamba nusu hii ni ya kupumzikia. Mwanafunzi anayeamini hivyo huumia. Uhasibu, uchumi, masoko, fedha, rasilimali watu na uendeshaji wa shughuli vina usomaji mwingi, na mtahini hataki mistari mitano na jibu chini. Anataka insha yenye hoja, ushahidi na kukiri upande wa pili una nini. Maswali mengine hayana jibu moja. Kwa aliyezoea kupigiwa mstari chini ya jibu sahihi, hili ni zito kama vile uthibitisho ulivyo mzito kwa wengine.

Tena nusu hii huisahihisha ile ya kwanza. Hisabati ya kutafuta suluhisho bora huchukulia kwamba mtu anayeamua ataangalia njia zote na kuchagua iliyo bora kabisa. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kwamba watu katika mashirika hawaamui hivyo. Muda wao ni mfupi, taarifa zao ni pungufu, kwa hiyo hutafuta njia inayotosha na kuishika. Hata foleni yetu ya watu 19 inakuwa kitu kingine mwanasayansi wa tabia akiitazama: baadhi ya watu wataiona wakiwa mlangoni na kuondoka, na mhudumu asiye na nafasi ya kuvuta pumzi ataanza kukosea. Kielelezo hakikuyajua hayo. Inabidi mtu ayajue, kisha arudi kukirekebisha kielelezo.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi. Wahitimu huelekea uchambuzi wa data, benki, bima, ugavi, ushauri wa biashara na ualimu. Anayelenga kuwa aktuari, yaani mtaalamu wa kukadiria hatari za bima na pensheni, au mhasibu aliyesajiliwa aulize mapema ni mitihani ipi ya taaluma kozi hiyo itamsamehe, maana baadhi ya kozi hazisamehi hata mmoja. Na anayeota kufanya uzamili wa hisabati tupu, ile ya nadharia isiyofungwa na matumizi, ajue kwamba nusu ya masomo yake ilikwenda kwingine, hivyo achague mada ngumu za hisabati kila anapopewa nafasi.

Jina la kozi pia lisomwe kwa makini. Katika vyuo vingi vya Uingereza, shahada ya hisabati "na" usimamizi huwa na masomo mawili yanayokaribia kulingana, ilhali ile ya hisabati "pamoja na" usimamizi huipa hisabati sehemu kubwa zaidi. Majina hayatoshi, lakini. Omba orodha ya masomo ya miaka yote uhesabu mwenyewe. Tazama kama takwimu inaendelea baada ya mwaka wa kwanza, kama kuna lugha ya programu inayofundishwa kwa vitendo, na kama mwaka wa mwisho una mradi unaoyakutanisha masomo yote mawili. Kozi ambayo pande zake hazikutani popote, hata kwenye mradi, inamwachia mwanafunzi kazi ya kuziunganisha peke yake.

Kisha omba mtihani mmoja wa zamani wa mwaka wa kwanza, wa hisabati. Usijaribu kuufaulu, huwezi bado. Chagua swali moja linaloanza na neno "thibitisha", kwa mfano kwamba namba tasa hazina mwisho, ukae nalo jioni mbili bila kutafuta jibu popote. Ukikwama lakini ukajikuta unalirudia asubuhi ukiwa njiani, peleka maombi.