Kusoma kwa sauti si kipimo cha kumbukumbu

Kazi yangu ni kupima lugha na kumbukumbu kwa wagonjwa wa ubongo. Familia zinazomleta mzee huniambia, "Gazeti anasoma vizuri kabisa." Kwa Kiswahili, kauli hiyo hainitoi wasiwasi.

Herufi hutambuliwa na sehemu ya chini ya ubongo wenyewe, upande wa kushoto kuelekea kisogoni. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Jules Dejerine alieleza habari za mtu aliyepatwa na kiharusi, akabaki anaongea na kuandika, ila hawezi kusoma hata alichokiandika mwenyewe. Maana ya maneno inategemea zaidi sehemu nyingine, ile ya mbele, ndani ya panja. Hiyo ndiyo hunyauka katika dimenshia ya kisemantiki, aina ya ugonjwa wa ubongo unaofifisha maana: maana za maneno zinapotea moja moja, huku mambo ya jana na juzi mgonjwa akiyakumbuka vizuri kiasi.

Msomaji wa Kiingereza hufichuka mapema. Neno pint (hutamkwa "paint") halifuati kanuni za tahajia. Usipokuwa nalo kichwani, utalitamka kama mint, na wagonjwa hawa hufanya hivyohivyo. Kwa Wajapani, kanji (alama zinazobeba maana ya neno) humshinda mgonjwa, na kana (alama za sauti tu) anazisoma.

Kiswahili kinasomeka kilivyoandikwa, kwa hiyo ugonjwa unajificha. Mtu atasoma "chatu" bila kusita, nawe ukimuuliza atakurudishia swali: "Chatu ndiyo nini?" Maneno kama barabara, ambayo mkazo wake hufuata maana (njia ya magari, au sawasawa), ni machache mno kututosha kwa kipimo.

Hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo ambayo wengi huiita kituo cha kumbukumbu, kazi yake hapa ni kuingiza maneno mapya. Mmarekani Henry Molaison alikatwa sehemu kubwa ya hipokampasi zake mwaka 1953. Aliendelea kusoma na kujaza mafumbo ya maneno, lakini maneno yaliyozuka baadaye karibu yote yalimpita.

Ndiyo maana, mzee akishasoma, nafunika maandishi na kuweka picha mezani: chatu, kenge, kuku, sufuria. Namwambia: "Nionyeshe chatu." Akigusa kenge, najua kwamba maana haijaisha yote. Akigusa sufuria, hali ni nyingine kabisa. Mkimleta mzee wenu, tuambieni ni vitu gani vya nyumbani ameanza kuviita "kile kitu", na ni vitu gani anauliza ni nini.