Kitabu cha mawingu kisicho na maneno: tunavyodhani na ilivyo

"Hakina hata neno moja, sasa utamsomea nini?" Wifi yangu alikipekua kitabu cha picha za mawingu nilichomnunulia mwanangu wa miaka minne, akakirudisha mezani kama mtu aliyepunjwa chenji. Hapa Nkuhungu, Dodoma, wengi tunadhani hivyo: kusoma ni kutamka herufi, basi.

Ukweli ni kwamba kabla ya herufi mtoto hujifunza kufuata kurasa na kukumbuka iliyopita ili aielewe inayofuata. Wingu lilikuwa dogo, sasa limeumuka kama mandazi. Katikati kimetokea nini? Maneno ya kujibu inabidi ayatafute mwenyewe.

Dhana ya pili ilinikamata mimi: kwamba mzazi ndiye asimulie. Nilisimulia mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mwenzangu akabaki anachezea kamba ya kiatu. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti ambamo wazazi walifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "hapana", na kuliongezea nyama jibu la mtoto. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wao, wa miaka miwili hivi, waliwazidi wenzao kwa kuzungumza. Kwa hiyo uliza, "Hapa kunaendelea nini?" kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe.

Wapo wanaosema asiyejua kusoma hawezi kushika kitabu na mtoto. Mama yangu, mkulima wa uwele Kongwa, hakusoma. Alipotutembelea Januari alikaa mkekani, akaita, "Njoo mume wangu, tutazame." Akaweka kidole juu ya vipande vyeupe: "Haya ya kutembea tu, hayana mvua." Akafunua hadi kwenye wingu refu, tako lake jeusi. "Hili ukiliona, anua nguo." Nusu ya maneno yalikuwa Kigogo, na mtoto hakuchanganyikiwa hata kidogo, lugha mbili hazigombani kichwani mwake kama tunavyoogopa.

"Bibi, mbona jeusi? Limechafuka?"

Bibi alicheka, akaniachia mimi mwenye shule. Wingu si moshi wala pamba, na weusi wake si uchafu. Ni matone madogo mno ya maji, na kule juu kwenye baridi kali ni chembe za barafu. Likiwa nene, mwanga wa jua haupenyi vizuri hadi chini, ndiyo maana sisi tulio chini tunaliona jeusi. Aliye kwenye ndege juu yake analiona jeupe linang'aa.

Wala si kila jeusi hunyesha. Hilo Dodoma hatuhitaji kufundishwa: kwa mwaka tunapata chini kidogo ya milimita 600, karibu zote kati ya Novemba mwishoni na Aprili. Mara nyingine mvua inaanguka kweli, ila hewa kavu inaigeuza mvuke kabla haijagusa vumbi.

Kesho yake mtoto alitoka uani, akatazama upande wa Mlimwa, akarudi mbio. "Mama, anua nguo!"

Nikatoka na beseni. Angani kulikuwa na vipande viwili vyeupe, vya kutembea tu.