Mgambo kumi getini siyo usalama

Juzi tena kwenye kikao cha maandalizi ya 6 Julai, sikukuu ya uhuru wa ndugu zetu wa Malawi tunaoishi nao hapa Mbeya, mtu mzima kabisa kasimama kasema "chukueni mgambo kumi wenye virungu, mambo yaishe". Mwaka wa nne huu nalisikia hilo neno na mi ndo napanga watu wa usalama, sasa nimechoka, naandika.

Jamani, wengi wanaokufa kwenye mikusanyiko hawauawi na mwizi wala mlevi. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Uwanja wa Uhuru, Machi 2021, watu 45, kwenye kumuaga Rais Magufuli. Mtu anabanwa kifua mpaka hewa haiingii, mara nyingi kasimama hivyo hivyo, na wa nyuma anazidi kusukuma maana haoni kinachotokea mbele. Wakifika sita saba kwenye mita moja ya mraba hutembei tena, unabebwa. Kirungu hapo cha nini? Ukimpiga wa mbele anageuka, anakutana na mia wanaokuja.

Ila kinachoniuma zaidi ni ngoma. Wachewa, kabila kubwa la huko Malawi, wana Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago, UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2008. Mchezaji, nyau wanamwita, kavaa matambara na kinyago huoni hata ngozi, anacheza weee halafu ghafla anawakimbilia watazamaji, watu wanapiga mayowe wanarudi nyuma hatua kumi, wanacheka, wanasogea tena. Ndo utamu wenyewe huo! Anayeijua anajua. Mgambo aliyeletwa asubuhi ile anaona vurugu.

Mwaka juzi nilikuwa karibu kabisa. Mama ana mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa barabara, anarudi nyuma huku anacheka, mlinzi nyuma yake kapuliza filimbi na fimbo kainua. Kicheko kikakatika palepale, waliokuwa wanarudi kwa mchezo wakaanza kukimbia kweli, na nyuma yao kuna kreti za soda ambazo sisi wenyewe tulizipanga pale. Mtoto hakuumia, mama alichunika kiwiko. Zile kreti bado naziona.

Toka siku hiyo wanaosimama kwenye duara ni vijana na akina mama wa jamii yenyewe, wanajua ngoma ikipigwa vipi kinyago kinachomoka, wakisema "pang'onopang'ono", yaani polepole, kwa Chichewa chao watu wanapoa. Nyuma ya watazamaji tunaacha peupe, hamna kreti hamna bodaboda. Kibali tunachukua na polisi tunawaarifu, hilo sibishani, ila getini sitaki sare, maana kuna mtu karatasi zake za ukaazi zimeisha, akiona sare anageuka ghafla na waliomfuata wanamvaa, msukumano unaanzia hapo.

Na majiko. Julai huku baridi kali, mtu anaingiza jiko la mkaa ukumbini madirisha yamefungwa. Hewa ya mkaa haionekani na inaua. Jiko nje, basi.

Kuna mahali sina uhakika. Vijana wetu wanawaonea haya wakubwa zao, mjomba kalewa anataka kupanda jukwaani, mpwa wake atamzuiaje? Mwaka jana upande huo tukamweka kijana wa Kizambia, mambo yakaenda, ila sijui ni yeye au ni vile mjomba hakuja. Mwaka jana huohuo hakuumia mtu hata mmoja na siwezi kuapa ni kazi yetu, watu walikuwa wachache, kulikuwa na shughuli nyingine mjini.

Sasa hivi kinachonikosesha usingizi ni ukumbi muziki ukihamia ndani usiku. Mlango wa mbele una mita moja na nusu, nimeupima kwa futi mwenyewe. Wa nyuma una kufuli, na naambiwa ufunguo anao mtu kaenda Tunduma. Nimeshamwambia mwenyekiti wa sherehe, huo mlango usipofunguka kabla ya Jumamosi tunacheza nje, na baridi yetu hiyo hiyo.